Sauti ya Kushikilia Nafasi

Matumbo hayanitii kinyaa. Nimekulia kando ya karai la matumbo. Mama ameyauza Dagoretti Market tangu nikiwa mgongoni kwake, na ni hayo yaliyonisomesha mpaka nikafika chuo kikuu kujifunza fasihi, ili siku moja nikae kwenye kiti kinachozunguka na kulipwa kwa kutunga uongo. Kwa hivyo niseme wazi mapema: siku ile nilipotapika kwenye choo cha studio, si nyama iliyonitapisha.

Studio ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo moja karibu na Adams Arcade, juu ya duka la miwani. Tulitengeneza gemu, hizi za kuchezwa kwenye simu na kompyuta. Bosi wetu alikuwa kijana wa huku huku, kwao wana nyumba za kupangisha tangu enzi za babu yake, na mdomo wake haukuwa na breki. Neno alilolipenda kuliko yote ni familia. "Hapa hatuna wafanyakazi, tuna familia," alimwambia kila mgeni, huku akituonyesha kwa mkono kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake. Mara ya kwanza nilitabasamu. Baadaye nikawa nikilisikia hilo neno nageukia kompyuta yangu.

Aliniajiri kwa sababu alitaka hadithi ya Nairobi.

"Ile raw," aliniambia. "Sitaki kitu ya Wazungu. Nataka mtu acheze aseme, eh, hii ni kwetu."

Nikampa kwetu. Nikamwandikia mwanamke mwenye kibanda cha matumbo, kibanda ambacho lazima kila mchezaji apitie. Ukikwama kwenye gemu, ukipoteza njia, ukiumizwa na majambazi, unarudi kwake. Anakupa supu na kukusimulia aliyoyasikia kwa wateja wa siku ile, na ndani ya umbea huo ndimo unapata unakopaswa kwenda. Nilikuwa ninamwandika Mama, sikumficha mtu. Hata ule mtindo wake wa kukugombeza kwanza ndipo akupakulie niliuweka. Bosi alisoma, akapiga meza kwa kiganja, akasema, "This is us." Mchoraji wetu, dada mmoja mpole aliyependa kuchora huku akitafuna njugu, alisema amelengwa na machozi. Niliwaamini wote wawili.

Kwa kuwa kazi hii haifanywi na mtu mmoja, inabidi kila mtu aanze upande wake bila kumngoja mwenzake. Ndiyo maana watu wa gemu wana desturi ya kuweka kitu cha muda mahali pa kile cha kweli. Nyumba ambayo haijachorwa inakuwa sanduku la kijivu. Wimbo ambao haujatungwa unakuwa mluzi wa mtu yeyote aliyekuwa karibu. Wao wanaita placeholder, mimi nikawa ninaita kitu cha kushikilia nafasi. Mwigizaji wa kumpa sauti yule mwanamke alikuwa bado hajapatikana, kwa hivyo jamaa wa sauti akaomba tukamrekodi Mama mwenyewe, iwe ya kushikilia nafasi tu.

Tulienda asubuhi, Mama akiwa bado hajawasha jiko. Nilikuwa nimemwambia kwamba ni sauti peke yake inayotakiwa, lakini tulimkuta amevaa kilemba cha kanisani na mafuta usoni. Mama ni mtu wa Vihiga, amekaa Nairobi maisha yake yote ya utu uzima, na huwa ananiita kukhu, yaani bibi, maana nilirithi jina la mamake. Alimtazama jamaa wa sauti na ile fimbo yake ya kunasia sauti yenye manyoya, kisha akanigeukia.

"Kukhu, huko ndani nitakuwa mtu wa aina gani?"

"Utakuwa wewe tu, Mama. Mwenye kibanda. Watu wakishindwa wanakuja kwako."

"Na niko safi?"

Alikuwa haulizi kwa mzaha. Mtu anayeuza matumbo huulizwa swali hilo maisha yake yote, hata na wale wanaokula na kuramba vidole. Wengine hawaulizi kwa mdomo, wanainama tu juu ya karai na kunusa. Nimemwona Mama akinusiwa chakula chake na watu ambao singewaruhusu wafunge kamba ya kiatu changu.

"Uko safi," nikamwambia.

Jamaa wa sauti akaingilia. "Usiwe na wasi, Mathe. Hii ni placeholder tu. Baadaye tunaleta actress."

"Ni ya kushikilia nafasi," nikamfafanulia.

"Aah! Kama mtungi kwa line ya maji," Mama akasema, akacheka. Mtaani kwetu maji yakipotea unaacha mtungi wako kwenye foleni uende shughuli zako. Kisha akasimama, akaweka mikono kiunoni, na kuita vile anavyoita wateja kila siku ya Mungu: "Kuja customer, kuja! Usiogope! Nimeosha na mikono yangu. Kuja karibu uone!"

Wenye vibanda jirani wakapiga makofi. Kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari kwamba Mama yuko ndani ya gemu.

Sasa nije kwenye ukuta. Pale studio, maamuzi yalifanywa kwenye ukuta. Kila Ijumaa mawazo yote ya hadithi yalibandikwa kwa vikaratasi vya rangi, kisha kila mtu akapewa vibandiko vidogo vya duara abandike kwenye wazo analolipenda. Kilichopata vibandiko vingi kilikaa. Kilichokosa kiling'olewa na kutupwa. Bosi aliita hiyo demokrasia. Watu waliokuwa hawajasoma hata ukurasa mmoja wa nilichoandika walikuwa na vibandiko sawa na vyangu, na walivibandika huku wakiongea juu ya mechi ya jana.

Kwanza yule mwanamke alipoteza umbea wake. "Anaongea sana," mtu alisema, na vibandiko vikamfuata. Kisha akapoteza supu, kwa sababu mchezaji akipewa supu anapona haraka mno. Nilibaki na mwanamke bubu kwenye kibanda kisicho na chakula, na kila Ijumaa nilikuwa ninasimama kumtetea kama wakili wa mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Halafu kijana mmoja wa programu, bila hata kutoa macho kwenye simu, akasema, "Lakini what if yeye ndiye adui wa mwisho? Imagine. Lile jimama la matumbo."

Wakatazamana, kisha wakalipuka kwa vicheko. Mtu akapiga mluzi. Vibandiko vilikwisha mifukoni. Mchoraji, yule yule aliyelengwa na machozi, alivuta karatasi akaanza kuchora palepale, mdomo ukitafuna njugu. Alichora jitu lenye kilemba na gambuti, mikono yake ni utumbo mrefu unaoburutika, na tumboni pana mdomo mwingine wenye meno. Alichora vizuri sana. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba lilikuwa zuri.

"Huyo ni mama yangu," nikasema.

"Ah, usichukue personal," Bosi akasema, akaniwekea mkono begani. "Hadithi ilikuwa yako. Sasa ni yetu sisi wote. Hii ndiyo collaboration."

Mkono wake ulinuka dawa ya kunawia, ile ya machungwa. Mpaka leo nikisikia harufu hiyo benki au hospitalini, nageuza uso.

Wiki iliyofuata ndipo jamaa wa sauti alipoleta matumbo. Jitu lilihitaji sauti za kuteleza na kuburutika, na wanasema hakuna kinachoshinda nyama yenyewe. Aliyamwaga kwenye meza tunayolia chakula. Akavaa glavu, akaweka kinasa sauti karibu, na kuanza kuyaminya, kuyavuta, kuyapiga mezani, chwap, chwap. Wenzangu wakaja na simu kurekodi. Walikuwa wanaruka nyuma na kupiga kelele, wanasukumana, wanachekana. Mmoja alirushiwa kipande shingoni akalia kama amemwagiwa maji moto.

"Nani hula hii kitu?" akauliza, akijifuta.

"Mimi," nikasema.

Wakacheka zaidi. Walidhani ninanogesha.

Nilikaribia nikaona. Yalikuwa yameoshwa vizuri, ule weusi wote umekwanguliwa, meupe kabisa. Mtu fulani aliamka na baridi akainama kwenye maji akayafikisha hapo. Ilikuwa supu ya nyumba nzima ile. Jamaa alipomaliza aliyakusanya kwa mikono miwili na kuyatupa kwenye pipa la takataka, juu ya vikombe vya kahawa na maganda ya ndizi, akavua glavu akazitupa juu yake. Akasema, "Yuck," kama mtoto. Hapo ndipo nilipokwenda chooni.

Ilikuwa Ijumaa. Hakuna aliyelitoa pipa. Jumatatu tulipofungua mlango, uvundo ulitupokea, na familia yote ikasimama nje kwenye ngazi ikinyoosheana vidole. Bosi aliwatuma watu wakanunue manukato ya kupulizia. Pipa nililitoa mimi, maana wengine walisema hawawezi, wana moyo mwepesi. Moyo mwepesi! Watu waliokuwa wanapiga picha na uchafu huo siku tatu tu nyuma.

Mtu ataniuliza mbona sikuondoka. Kazi ya kuandika hadithi haiko kila kona ya Nairobi, na pia kulikuwa na kitu kimoja nilichokuwa ninakilinda: sauti ya Mama. Jitu lilipewa umbo, halikuwa na sauti bado. Katika majaribio, jamaa wa sauti alikuwa amelitafutia kitu cha kushikilia nafasi, na kilichokuwa karibu kwenye kompyuta yake ni ile sauti ya Mama. Aliipunguza mwendo kidogo akaiongezea mwangwi. "Kuja... usiogope... kuja karibu uone..." Mara ya kwanza nilipoisikia nilichomoa waya ukutani.

"Toa hiyo," nikamwambia.

"Relax. Ni placeholder," akasema. "Actress anakuja Thursday."

Na kweli mwigizaji alikuja. Nilikuwepo. Alinguruma na kulia na kutoa mikwaruzo ya koo mpaka akapewa maji ya moto na asali, na faili zake nikaziona kwa macho yangu zikihifadhiwa. Nikapumua. Nikamwendea Mama nikamwambia ukweli uliobaki: kwamba wamebadilisha hadithi, hayumo tena.

Alikoroga sufuria.

"Wamesema si safi?"

"Hapana, Mama. Wamebadilisha tu."

"Basi nitakuja kuona kazi yako," akasema. "Wamama wa kanisa wameshashona sare."

Uzinduzi ulikuwa katika ukumbi mmoja wa katikati ya mji. Mabango yalikuwa yametoka kuchapishwa River Road asubuhi hiyo, wino bado unanuka. Mama alikuja na wenzake watatu wa kwaya, wamevaa kitenge cha aina moja, wakakaa safu ya mbele kwa sababu hawajui kwamba safu ya mbele huwa ni ya wakubwa. Hakuna aliyethubutu kuwaondoa. Bosi alipanda jukwaani na kusema kwamba tumechoka kusimuliwa na watu wengine, kwamba sasa tunajisimulia, kwamba gemu hii imetoka kwa mama zetu. Akawanyooshea mkono wale wanne. Ukumbi ukapiga makofi, na Mama akapunga mkono.

Kisha taa zikazimwa, kijana mmoja akaitwa jukwaani acheze, na kwenye kioo kikubwa jitu likatoka kibandani. Kilemba. Gambuti. Ule utumbo unaburutika, chwap, chwap.

Likafungua mdomo.

"Kuja customer... kuja... usiogope... nimeosha na mikono yangu..."

Faili za mwigizaji hazikuwahi kuwekwa. Hakuna aliyekusudia, na hilo ndilo linalonichefua kuliko kama wangekusudia. Walikuwa wameizoea. Miezi yote ile walicheza wakiisikia, ikawa ndiyo sauti ya jitu, na ilipofika siku ya kubadilisha hakuna sikio hata moja lililokumbuka kwamba kuna kitu cha kubadilishwa. Mtungi wa mtu ulisahauliwa kwenye foleni, na ukachukuliwa kwamba ndiye mtu mwenyewe.

Ukumbi ulishangilia. Kijana alilikata jitu mkono, likaita tena. Akalikata mwingine, likaita. "Kuja karibu uone!" Watu nyuma yangu walianza kuitikia pamoja nalo kwa sauti nzito, wakicheka mpaka wanapigana mabega. Wamama wa kwaya hawakumtazama Mama. Walitazama mikoba yao. Jitu lilipopasuliwa tumbo na kumwaga yaliyomo, ukumbi mzima ulisema, "Yuuuck!" kwa furaha, kwa pamoja.

Mama aliniinamia.

"Kukhu," akasema polepole. "Huyo ni mimi?"

"Ni sauti tu, Mama."

Sijui ni kwa nini nilijibu hivyo. Ndilo jibu ambalo wangenipa wao.

Jumatatu niliingia kwa Bosi bila kubisha. Jamaa wa sauti alikuwemo, macho chini. Lazima niseme kwamba yeye aliona aibu. Alisema ameshasahau kabisa, walai, na kwamba kuibadilisha ni kazi ndogo, hata leo inaisha. Bosi akanyoosha mkono kumtuliza.

"Hebu tufikirie kama team," akasema. "Watu wameipenda. Wameanza kuigiza hiyo line mtandaoni, wanajirekodi. Ukitoa hiyo voice, umetoa roho ya gemu. Na Mathe alikubali kurekodiwa, si ndio? Tena tutamweka kwa credits. Special thanks. Atafurahi."

"Atafurahi," nikarudia.

"Ni legacy," akasema. Na akawa hanidhihaki, yule mtu. Alikuwa anamaanisha. Uso wake ulikuwa mlaini, umejaa ukarimu, na niliona kwamba ningeweza kukaa pale nikimweleza mpaka jioni na yasiingie. Nikahisi kile kichefuchefu cha siku ya pipa kinapanda tena, moto, mpaka kooni. Nilichukua kikombe changu na sweta langu nikashuka ngazi. Jina langu waliliacha mle kwenye gemu, kando ya neno hadithi kwenye orodha ya watengenezaji. Niliomba walitoe, wakaniambia kwamba hilo lingepaswa kujadiliwa na familia.

Nilidhani Mama atanigombeza. Hakunigombeza. Alirudi kibandani kwake kama kawaida, na nikaanza kwenda kumsaidia asubuhi kwa kuwa sikuwa na kazi.

Siku ya kwanza alikuwa amekwisha kufunua karai, mvuke unapanda, akasimama, akaweka mikono kiunoni.

"Kuja customer—"

Watoto wa shule walikuwa wanapita na mabegi yao. Mmoja akageuka. "Usiogopeee!" akavuta kwa sauti ya koo, na wenzake wakadaka, "Kuja karibu uoneee!" wakiburuta miguu na kuinua mikono kama utumbo. Hawakuwa na ubaya wowote. Walimwona mtu mzima anayejua kuigiza lile jitu kama wao, wakamchekea wakijua na yeye atacheka. Kisha kondakta mmoja aliyekuwa amekaa kwa mwenye chai akaitikia pia, na wenye vibanda jirani, wale wale waliopiga makofi siku ya kurekodi, wakashika midomo. Mmoja wao alishindwa, akacheka.

Mama alishusha mikono. Akafunika karai, akafunua, akafunika tena.

Tangu nikiwa mgongoni mwake, kabla ya kuyaelewa, niliyasikia maneno yale kupitia mifupa yake. Ndiyo yaliyonilaza usingizi. Hakuyasema tena siku hiyo, wala iliyofuata. Wateja wa zamani walikuja, wageni wakapita bila kujua kuna nini kwenye karai. Alikaa kwenye kigoda chake akiwafukuza nzi kwa gazeti, na mimi nikakaa karibu nikimchukia kila mtu aliyekuwa kwenye ule ukumbi, mmoja baada ya mwingine, safu baada ya safu.

Mwisho wa wiki nilimkuta ameukata ubavu wa katoni ya sabuni ukawa mraba mzuri, na ameazima kalamu nene kwa fundi wa viatu.

"Niandikie," akasema. "Si wewe ndiye mwandishi?"

"Niandike nini?"

"Kwamba matumbo yako hapa. Na ni safi." Akafikiri kidogo. "Lakini hayo maneno mengine usiweke. Usiandike kuja."

Nilipiga magoti, nikaweka katoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaandika polepole kwa herufi kubwa: MATUMBO NI SAFI. Hakuna aliyebandika kitu juu yake, hakuna aliyesema ni marefu. Mama aliyatazama maandishi, akayatundika kwenye msumari uliokuwa wa taa, akarudi kukaa.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanaume mgeni mwenye viatu vya vumbi. Alisimama, akasoma, akainama na kunusa. Kisha akauliza bei, na Mama akamwonyesha kwa vidole.